Usawa wa Kura Katika Kumchagua Rais

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa Nachingwea na Ruangwa, nayo yachapishwa hapa kwa ombi la mkutano



Twajua ya kuwa wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, na ndugu zetu wa Ruangwa wana safari ya kurudi makwao. Kwa hiyo tutajitahidi maneno yetu yasiwe marefu kupita faida yake.

Tulipoombwa kuchagua jambo la kusema, tulifikiri habari za mishahara, na nyumba, na kupandishwa vyeo. Lakini hayo husemwa katika kila mkutano, na yatasemwa tena kesho. Basi tumechagua neno la kura ya Rais, na jinsi ya kuutengeneza uchaguzi ili kura ya kila mtu iwe na uzito ulio sawa na wa mwenziwe. Hatukulichagua ili kukitia Chama chetu katika mashindano ya vyama vya siasa. Mtumishi wa Serikali hapaswi kuonyesha upande wake akiwa kazini, nasi twaiheshimu amri hiyo. Tumelichagua kwa sababu kura hizo hupita mikononi mwetu. Siku ya uchaguzi ikifika, wanaoketi vituoni na daftari, na wino, na sanduku, wengi wao ni walimu na makarani kama sisi. Mtu ambaye mkono wake wapitisha mali ya watu, yampasa aijue mali ile ni kitu gani.

Katika uchaguzi mmoja uliopita tulipangwa kazi katika kituo cha kijiji kimoja kilicho mbali na mji. Alikuja bibi mmoja mzee, ametembea kwa miguu tangu alfajiri. Alipokwisha kutia karatasi yake sandukuni hakuondoka. Alisimama, akatutazama, akauliza, "Wajukuu zangu, hii yangu itafika?" Tukamjibu, "Itafika, bibi." Akauliza tena, "Itafika kama nilivyoiacha?" Tukatabasamu kwa adabu, tukamwambia aende salama. Yeye alikwenda, bali swali lake lilibaki nasi, na hotuba hii ni jaribio la kumjibu kwa ukweli, kwa kuwa siku ile tulimjibu kwa upesi.

MAANA YA USAWA

Kila mtu wa wilaya zetu aijua mizani ya korosho na ufuta. Mkulima afikapo ghalani na gunia lake hutaka mambo matatu. La kwanza, mizani iwe moja kwa watu wote, wala pasiwe na jiwe la tajiri na jiwe la maskini. La pili, hesabu ya mwisho itokane na magunia yote yaliyoletwa, wala yasiwepo magunia yaliyopimwa na kisha kusahauliwa pembeni. La tatu, apewe karatasi ya uzito wake, na akiona shaka aweze kudai gunia lipimwe upya mbele ya mtu asiye na upande. Likikosekana moja katika hayo, mkulima hasemi kwamba amekosewa kidogo, husema ameibiwa.

Kura nayo ina mambo yayo hayo matatu. Tutayaangalia moja moja, na kwa kila moja tutauliza Tanzania imefika wapi.

MIZANI ILIYO MOJA

Zamani za ukoloni mizani haikuwa moja. Katika mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini mtu alipewa kura kwa kadiri ya elimu yake, na mali yake, na kazi aliyoitumikia Serikali. Mmoja aliweza kuwa na kura moja, mwingine mbili, mwingine tatu. Na walio wengi hawakuwa na hata moja.

Hapa Tanganyika, katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, ilitakiwa mpiga kura awe na elimu ya darasa la nane, au mapato ya paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za siku hizo, au awe na cheo kilichotajwa katika sheria. Tena kila aliyeruhusiwa alilazimishwa kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, na moja kwa Mzungu. Asiyefanya hivyo, karatasi yake iliharibika. Jambo hilo nusura liivunje TANU katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, ambapo Mwalimu Nyerere aliwashawishi wenzake waingie uchaguzini pamoja na ubaya wa sharti lile, na Bwana Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake. Nchi ilikuwa na watu wapatao milioni 9, na walioandikishwa hawakufika 60,000.

Ndugu zetu, hapa yatupasa tuseme neno la ukweli juu ya kazi yetu wenyewe. Katika wale wachache walioandikishwa, makarani hawakukosekana. Cheti cha shule kiliwapa kura tatu. Na mama zao waliowalea na kuwalipia karo kwa jembe, hawakupewa hata moja. Basi karani asijivune akidhani haki ya kura ilizaliwa pamoja na elimu. Watu wa kazi yetu waliwahi kuwekwa upande wa juu wa mizani iliyopotoka.

Mizani ile ilinyoshwa. Tarehe 1 Novemba 1962 watu wazima wa Tanganyika walimchagua Rais kwa mara ya kwanza, pasipo kuulizwa darasa wala mapato wala rangi. Mwalimu Nyerere alipata kura 1,127,978, na Bwana Mtemvu kura 21,276. Ushindi ulikuwa mkubwa, lakini sisi twatazama jambo jingine: kura ya mkulima wa Mnero ilihesabiwa moja, na kura ya waziri ilihesabiwa moja. Ni kweli kwamba baadaye, katika miaka ya chama kimoja, mpiga kura aliletewa jina moja tu, akaambiwa aseme ndiyo au hapana. Hata hivyo kanuni ya mtu mmoja kura moja haikuondolewa. Hilo la kwanza, basi, twalo. Lakini halijakamilika bila la pili.

HESABU ITOKANE NA MAGUNIA YOTE

Kuna njia mbili za kuhesabu. Ya kwanza ni kukusanya kura zote za nchi katika kapu moja. Ya pili ni kuzigawa katika makapu madogo, na kisha kuhesabu makapu badala ya kura. Wabunge huchaguliwa kwa njia ya pili, na hatulaumu, kwa sababu kila mahali pataka mtu wake wa kupasemea. Lakini tuangalie matokeo yake hapa kwetu. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, Wilaya ya Nachingwea ilikuwa na watu 233,655, na Ruangwa 185,573, na Liwale 136,505. Kila moja ina mbunge mmoja. Kilwa ilikuwa na watu 297,676, nayo ina wabunge wawili. Maana yake, katika kumchagua mbunge, sauti ya watu 10 wa Liwale ni sawa na sauti ya watu 17 wa Nachingwea. Hatuwaonei wivu jirani zetu wa Liwale. Twaonyesha tu jinsi makapu yasiyolingana yanavyobadili uzito wa mtu ijapokuwa kila mmoja ametia karatasi moja.

Sasa fikirini kama Rais naye angepatikana kwa kuhesabu makapu. Visiwani Unguja na Pemba jambo la namna hiyo lilitokea katika kuipata serikali. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata kura zaidi ya nusu, kama 54 katika kila 100, lakini kilipata viti 13 tu kati ya 31. Vyama viwili vilivyoungana dhidi yake vilipata viti 18, vikaunda serikali. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na serikali ile ilipinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Sababu za Mapinduzi ni nyingi, wala si kazi yetu kuzimaliza leo. Lakini walio wengi walipoona kwamba wengi wao hawatoshi, imani yao katika sanduku ilipungua sana.

Marekani, nchi yenye nguvu kuliko zote, humchagua Rais wake mpaka leo kwa wajumbe 538 waliogawiwa majimbo. Katika mwaka 2000, na tena mwaka 2016, aliyepata kura nyingi za watu alishindwa, na aliyepata kura chache akaingia Ikulu yao. Majimbo kadhaa ya nchi ile yamekuwa yakifanya mapatano tangu mwaka 2007 ya kutaka mshindi awe yule aliyependwa na watu wengi katika nchi nzima, ila mapatano hayo hayatumiki mpaka majimbo ya kutosha yaingie. Basi twaweza kusema bila majivuno kwamba katika neno hili Tanzania ilianza vizuri, kwa maana kura zetu za Rais zaingia kapu moja, na ya Nachingwea ni sawa na ya Dar es Salaam.

Lakini kapu moja lina kasoro yake ikiwa sheria haisemi mshindi ajaze kadiri gani. Wakiwa wagombea wanne au watano, mtu aweza kushinda kwa sehemu ndogo, na magunia mengi kuliko yake yakaachwa pembeni. Kenya mwaka 1992 Rais Moi alirudi madarakani kwa kura kama 36 katika kila 100. Waliobaki walikuwa wamegawanyika kati ya Matiba, na Kibaki, na Odinga. Malawi mwaka 2019 Rais Mutharika alitangazwa kwa kura zisizofika 39 katika kila 100.

Sisi tulikuwa na kinga ya jambo hilo. Katiba ilivyorekebishwa baada ya kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992 ilimtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na kwa sharti hilo Rais Mkapa alichaguliwa mwaka 1995. Katika mwaka 2000 sharti hilo liliondolewa. Ikatosha mgombea awazidi wenziwe, hata kwa kura chache. Yuko atakayesema, "Mwaumia kwa ugonjwa gani? Tangu mwaka 2000 kila Rais ametangazwa kwa zaidi ya nusu." Ni kweli. Walakini paa hutengenezwa wakati wa kiangazi. Sheria hazitungwi kwa ajili ya mwaka ambao mambo ni mepesi, bali kwa ajili ya mwaka ambao wagombea watakaribiana. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yuko mwingine atakayesema kwamba sharti la nusu laweza kuleta uchaguzi wa duru ya pili, na hiyo ni gharama. Hoja hii ni ya haki, nasi twaijua kuliko watu wa mjini. Uchaguzi wetu huja Oktoba. Duru ya pili ingeangukia mvua zikianza, na kupeleka masanduku mara ya pili katika vijiji vya ndani si mchezo. Lakini dawa zipo. Uchaguzi waweza kutangulizwa miezi michache. Au twaweza kufanya kama Ireland, ambako mpiga kura huandika namba katika karatasi moja: huyu ni wa kwanza kwangu, na huyu wa pili. Asipopatikana wa nusu, wa mwisho huondolewa, na kura zake hupewa wale waliotajwa wa pili. Hivyo ndivyo Bibi Mary Robinson alivyopata urais mwaka 1990, ijapokuwa katika hesabu ya kwanza alikuwa nyuma ya Bwana Lenihan. Njia hiyo yahitaji mafunzo mengi kwa wasiojua kusoma, nasi hatusemi ianze kesho. Twaonyesha tu kwamba gharama haipaswi kuwa ndilo neno la mwisho.

Tena yuko mzee mmoja aliyetuuliza, "Je, mkoa mdogo hautamezwa?" Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu 1,194,028 katika mwaka 2022, hawafiki 2 katika kila Watanzania 100. Wakenya walilifikiri jambo hili katika Katiba yao ya mwaka 2010. Walimtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pamoja na hayo apate robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Angalieni vema: hawakuipa kaunti ndogo kura nzito kuliko nyingine. Kila kura ilibaki moja. Ila mgombea alilazimishwa kutembea. Sharti kama hilo lingemfanya mtu anayetaka Ikulu asiridhike na miji mikubwa mitatu, bali afike Ruangwa, afike Liwale, asikie habari ya barabara na bei ya mbaazi kwa masikio yake mwenyewe. Wazee wetu wakumbuka mpango wa karanga uliokuja Nachingwea baada ya vita, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, na mamilioni ya paundi yakapotea. Uliamuliwa London, na wenyeji wa ardhi hii hawakuwa na kura juu ya waamuzi wale. Mtu asiyehitaji kura yako haoni haja ya kukuuliza kama udongo wako wafaa.

KARATASI YA UZITO NA KUPIMWA UPYA

Sasa twafika kwenye jambo la tatu, nalo ndilo kubwa kwa maoni yetu. Kura haiwi sawa kwa sababu imetiwa sandukuni. Inakuwa sawa inapofika katika jumla ya mwisho kama ilivyoachwa. Bibi yule hakutuuliza habari ya Katiba. Aliuliza habari ya njia.

Twakumbuka kituo kimoja ambacho hatutakitaja. Usiku, kwa mwanga wa taa, karani mwenzetu aliyekuwa amechoka aliandika 19 mahali pa 91. Hakuwa na nia mbaya. Wakala wa chama kimoja aliona, akapinga. Wengine wakamkemea kwamba anachelewesha watu. Msimamizi wa kituo, Mungu ambariki, akaamuru fungu lile lihesabiwe upya, ikaonekana kweli ni 91. Watu 72 wangalipotea katika kalamu ya mtu mmoja mwema mwenye usingizi. Tukajiuliza, ikiwa kosa la usingizi laweza kuwapoteza watu 72, kosa la kusudi laweza kuwapoteza wangapi? Na kama wakala yule angalikuwa hayupo, au angalitolewa nje, ni nani angalijua?

Kwa hiyo nakala ya matokeo ya kila kituo hupewa mawakala, na nyingine hubandikwa ili watu waione. Hiyo ndiyo karatasi ya uzito. Lakini karatasi ya uzito haina faida ikiwa hakuna mahali pa kuipeleka. Na hapa, ndugu zetu, ndipo Katiba yetu yenye kasoro kubwa. Ibara ya 41 yasema kwamba Tume ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama yoyote itakayochunguza uchaguzi huo. Mbunge wa Nachingwea aweza kupelekwa mbele ya jaji, na hata diwani aweza kushitakiwa. Lakini kwa kura ya Rais, iliyo kubwa kuliko zote, mlango umefungwa. Mkulima apewa karatasi, kisha aambiwa mizani haipimwi tena.

Tarehe 15 Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kwamba katazo hilo lavunja Mkataba wa Afrika ambao nchi yetu imeuridhia, ikaitaka Serikali ilirekebishe. Kabla ya hapo, Rasimu ya Katiba iliyotolewa mwaka 2013 na Tume ya Jaji Warioba ilikwisha kupendekeza mambo yote mawili: Rais apate zaidi ya nusu, na matokeo yake yaweze kupingwa mahakamani. Kura ya maoni juu ya Katiba mpya ilitazamiwa Aprili 2015, ikaahirishwa. Basi mawazo haya si ya wageni, wala si ya wapinzani peke yao. Yaliandikwa na wazee walioteuliwa na Rais, baada ya kuwasikiliza wananchi katika nchi nzima.

Majirani zetu wamekwisha kujaribu mlango huo, na nyumba haikuanguka. Kenya mwaka 2007 walioshindwa hawakuwa na imani na mahakama, wakapigania barabarani, na watu zaidi ya 1,000 walikufa. Baada ya Katiba mpya, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa Rais kwa kuwa fomu na usafirishaji wa matokeo haukuwa kama sheria inavyotaka, ikaamuru urudiwe. Malawi tarehe 3 Februari 2020 majaji watano walibatilisha uchaguzi wa mwaka uliotangulia. Na katika ushahidi uliowatia aibu wenye uchaguzi, kilikuwamo kitu ambacho kila karani aliye hapa anacho mezani pake: wino mweupe wa kufutia makosa. Fomu za matokeo zilikuwa zimepakwa wino huo, na namba nyingine zikaandikwa juu yake. Majaji wale walisema pia kwamba wengi maana yake ni zaidi ya nusu. Uchaguzi ulirudiwa tarehe 23 Juni 2020, na Bwana Chakwera akashinda kwa zaidi ya nusu ya kura.

Sisi tunaolitayarisha gazeti hili kwa stensili twautumia wino wa kufutia kila wiki, wala si dhambi. Lakini fomu ya kura si stensili. Kosa katika fomu hukatwa kwa mstari mmoja, namba ya kwanza ikionekana bado, na msimamizi na mawakala wakatia sahihi zao pembeni. Kinachofichwa chini ya rangi nyeupe, hata kama kilikuwa kosa la kweli, huonekana kama wizi.

Yatubidi tutaje pia ya nyumbani kwetu, ijapokuwa ni machungu. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulikwisha kwa mshindi kutangazwa kwa zaidi ya kura 97 katika kila 100. Siku ile na siku zilizofuata kulikuwa na ghasia katika miji kadhaa, na watu walikufa. Rais akaunda tume ya kuchunguza. Sisi hatukusimama hapa kuhukumu, kwa maana hatuna ushahidi wa majaji wala mamlaka yao. Twasema neno moja tu: mwenye kushangilia na mwenye kushuku, wote wawili hawakuwa na mlango wa mahakama wa kubisha hodi. Mshindi wa haki hupungukiwa na kitu hapo, kwa sababu hana hukumu ya kuwaonyesha wanaomshuku. Na anayeshuku hupungukiwa zaidi, kwa kuwa aachiwa kunyamaza au kwenda barabarani. Mahakama si adui wa mshindi. Ni shahidi wake.

WAJIBU WETU

Bwana Mwenyekiti, mtu aweza kuuliza makarani wa Nachingwea na Ruangwa watafanya nini katika mambo makubwa namna hii. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922 na Bwana Martin Kayamba na wenziwe. Katika mwaka 1953 watumishi wa Serikali walikatazwa kuingia katika vyama vya siasa, na wengi wakabaki na kalamu zao tu. Lakini kalamu zile ziliandika barua, zikatunza daftari, zikahifadhi kumbukumbu ambazo nchi ilizihitaji ilipojitawala. Kazi yetu si kupiga kelele. Kazi yetu ni kwamba jambo lililotokea liandikwe kama lilivyotokea.

Kwa hiyo twauomba mkutano huu ufikiri mambo matatu. La kwanza, inapofika nafasi ya raia kutoa maoni juu ya Katiba, kila mwanachama aitoe kama raia, kwa adabu na bila woga: Rais apate zaidi ya nusu ya kura, na uchaguzi wake uweze kuchunguzwa mbele ya majaji. La pili, mwanachama akipangwa kituoni, asiandike namba asiyoihesabu, asitie sahihi fomu iliyo tupu, asimwondoe wakala aliye na haki ya kuwapo, na asitumie wino wa kufutia. Akiamriwa vinginevyo na mkubwa wake, aiombe amri ile kwa maandishi; nasi twadhani amri nyingi za namna hiyo zitakufa papo hapo kwa kuogopa karatasi. La tatu, mwanachama atakayepata taabu kwa kukataa kuandika uongo, Chama kisimwache peke yake. Twajua ugumu wa jambo hili. Mtu ana watoto, ana deni, na barua ya uhamisho haikawii. Ndiyo sababu twalitaja mbele ya wote, kwa maana ujasiri wa mtu mmoja hudumu siku moja, bali ukiwa ni desturi ya kundi waweza kudumu.

Wazee wetu na ndugu zetu, bibi yule hatujui kama yu hai. Kama yu hai, huenda atakuja tena katika uchaguzi ujao, kwa njia ile ile, na atamkuta mmoja wetu ameketi mezani na daftari. Atauliza tena kama kura yake itafika kama alivyoiacha. Siku ile tulimjibu, "Itafika," kwa kuwa tulitaka aende nyumbani kwa furaha. Safari hii atakayeulizwa na aweze kumjibu hivyo huku akijua namba aliyoiandika ni ile aliyoihesabu, na kwamba akikosea yeye, kuna jaji atakayelisahihisha kosa lake.

Tumemaliza. Mliyoyaona mema katika maneno yetu myachukue, na mliyoyaona makosa mtusahihishe hapa hapa, kwa mstari mmoja unaoonekana.